Robo ya Mtungi

Kipimo kile kilinunuliwa kumkamata mwizi, na mwizi mwenyewe ndiye aliyekipa jina. Alikiita Askari. Ni kijibomba cha kioo, kimevimba chini na chembamba shingoni, kimetiwa chembe za risasi tumboni ili kisimame wima majini, na ndani ya shingo mna karatasi yenye namba. Kitumbukize kwenye maji matupu, kitasimama kwenye elfu moja. Maji yakiwa na sukari, kinasukumwa juu. Dukani walikiita haidromita, lakini ndani ya nyumba ile neno hilo halikukaa hata siku moja. Likawa Askari, basi.

Mwizi alikuwa mume wa mwenye mitungi. Mtaa mzima ulimwita Mzee Brashi hata kabla hajaota mvi, kwa sababu alikuwa fundi rangi wa majumba na hukumkuta bila brashi mfuko wa nyuma. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alikuwa na tabia ya kuongea na wateja huku pini kazibana midomoni, naye wakamwita Bibi Pini. Ukiacha kushona, kipaji chake kingine kilikuwa mvinyo wa mananasi. Aliutengeneza stoo, kwenye mitungi ya kioo, na haukuwa mvinyo wa kubahatisha. Watu waliuagiza kwa ajili ya harusi miezi kabla.

Sasa, anayeishi na mlevi anajua kwamba mtungi unaweza kupungua na usionekane umepungua. Mzee Brashi enzi zake alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Ananyonya kwa mpira, anajazia maji ya bomba hadi shingoni, anarudisha kizibo, anajifuta mdomo, anatoka stoo akipiga mluzi. Ukiutazama mtungi, mzima. Wateja ndio walioanza kulalamika, tena kwa adabu, kwamba mvinyo wa siku hizi umekuwa mpole. Bibi Pini aliona aibu mpaka akatamani ardhi ipasuke immeze. Ndipo alipokwenda kumnunua Askari, akajifunza kazi yake mpaka akaiva.

Kazi yenyewe nitaieleza sasa hivi, na unisikilize, maana bila hiyo hutaelewa kilichomliza mama wa watu. Siku ya kwanza, maji ya mananasi yakishachanganywa na sukari na kabla hamira haijaanza kula, unamtumbukiza Askari. Tuseme anasimama elfu moja themanini na mbili. Hamira inakula sukari, inaacha pombe, na kila sukari inavyoliwa Askari anazama. Tena pombe ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo mwisho anazama hata chini ya elfu moja, anatulia kwenye mia tisa tisini na mbili. Toa ya mwisho kwenye ya mwanzo, unapata tisini. Gawa kwa saba na nusu, unapata kumi na mbili. Mvinyo wako una pombe asilimia kumi na mbili, na hakuna wa kukubishia. Mtu akija akachota akajazia maji, Askari ananyanyuka. Kidogo tu, lakini mwenye macho anaona.

Alimkamata mumewe mara ngapi, mwenyewe alipoteza hesabu. Kila mara Mzee Brashi aliapa kwa kaburi la mama yake. Aliapa kwa macho yake, kwa mtoto wake, kwa mkate alioushika, na kesho yake Askari akanyanyuka tena. Bibi Pini alimfichia. Kwa ndugu alisema mume anaumwa mgongo, kwa wateja alisema ngazi imevunjika, na kwa binti yao, mtoto wao wa pekee, alisema baba amechoka. Mtoto si mjinga. Siku moja akirudi kutoka shule na wenzake alimkuta baba yake amelala mlangoni pa geti, nusu ndani nusu nje, kopo la rangi limemmwagikia. Akamruka. Wenzake walipomuuliza ni nani yule, akasema ni jirani.

Mzee Brashi alikuwa amelewa chakari, lakini masikio hayakuwa yamelewa. Alisikia. Tangu siku ile hakunywa tena. Sitakudanganya kwamba ilikuwa rahisi. Alitetemeka, alitapika, alilia kama anayezaliwa upya. Bibi Pini akaipindua mitungi yote stoo ikawa chini juu, akamweka Askari kwenye droo ya vifungo, na miaka ikapita. Mtoto akakua, akasomea uuguzi, akaanza tena kumwita yule mzee baba.

Lakini jambo moja halikuisha. Kila jioni mume akirudi kazini, Bibi Pini alimpokea koti mlangoni, akamweka sawa kola, na katika kuiweka sawa alivuta pumzi. Alimnusa. Mzee Brashi alijua. Alikuwa anainama kidogo ili mkewe, ambaye ni mfupi, asihangaike.

Binti alipopata mchumba, wazazi wakafurahi, vikao vikaanza. Siku moja alikuja nyumbani, akamvuta mama yake jikoni, akamwambia kwamba sufuria na mashuka wengine watamletea. Yeye kwa mama yake anataka kitu kimoja, mvinyo wa mananasi mezani siku ya harusi yake. Anaikumbuka harufu yake tangu utotoni, kabla mambo hayajaharibika. Bibi Pini akakataa palepale. Alisema mitungi ile haitageuzwa maadamu yeye yu hai.

Kumbe mume alikuwa nyuma ya pazia akinywa chai. Akaingia, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mvinyo utengenezwe, na kwamba atakayeupima ni yeye.

Bibi Pini akacheka kicheko kibaya. Akamuuliza tangu lini fisi akakabidhiwa bucha.

Mzee Brashi akakaa. Alisema siku ya harusi anataka awamiminie wageni kwa mkono wake mwenyewe, glasi moja baada ya nyingine, na mtoto amwone. Hilo tu ndilo analolitaka duniani. Binti akasema sawa. Lakini kabla hajaondoka alirudi kwa mama yake, wakiwa wawili tu, akamwambia yaliyo moyoni.

"Mama, akinywa hata tone, sitaki asimame kando yangu. Na wewe ukijua, uniambie. Usimfichie kama zamani. Niahidi."

Bibi Pini akaahidi. Ahadi ni deni.

Kazi ikaanza, na ajabu ya Mungu, ikawa tamu. Mzee Brashi alimenya mananasi kwa kisu cha kukwangulia rangi, kipya, akisema kingine chochote si kisu. Walikamua, wakachuja, wakakoroga sukari, wakabishana. Mitungi mitatu mikubwa ikajaa, na yaliyobaki yakaingia kwenye mtungi mdogo wa lita tano uliowekwa karibu na mlango wa stoo. Siku za kupima, mzee alivaa miwani, akapiga magoti sakafuni ili jicho liwe sawa na uso wa mvinyo kwenye glasi ndefu, akamzungusha Askari kwa vidole viwili ili mapovu yamtoke mwilini. Kisha akatangaza, kama msoma taarifa ya habari, kwamba Askari yuko elfu moja na arobaini na anaendelea kushuka vizuri. Bibi Pini akaandika namba ubavuni mwa mtungi kwa chaki ya kushonea. Mvinyo wa kwenye glasi, ambao kila mtengenezaji duniani anaunywa baada ya kuupima, Mzee Brashi aliumwaga sinki, akasuuza glasi, akageuza uso. Mkewe alimtazama mgongo ule uliopinda akajikuta anampenda upya. Alijionea haya, mtu mzima na mvi zake, moyo unamdunda stoo kama msichana.

Askari alishuka mpaka mia tisa tisini na mbili, mitungi yote minne, akatulia. Hamira ikafa, mashapo yakakaa chini, mvinyo ukaanza kung'aa. Hapo hakuna kazi tena ila kungoja, na mitungi iwe imejaa hadi shingoni, kwa sababu hewa ikikaa juu ya mvinyo inaugeuza siki. Bibi Pini alilirudia hilo mpaka mumewe akawa anamsaidia kulimalizia.

Wiki ya mwisho kabla ya harusi, Mzee Brashi alikuwa anakwenda kutwa kupaka rangi vyumba ambavyo binti na mchumba wake wangehamia. Bibi Pini alibaki na gauni la bibi harusi kwenye cherehani. Asubuhi moja alisimama anyooshe mgongo, akaona heri apime mara ya mwisho peke yake, ajue kama chupa ziandaliwe. Mtungi wa kwanza, mia tisa tisini na mbili. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu hivyo hivyo. Mtungi mdogo, mia tisa tisini na nne.

Alimtoa Askari, akamfuta kwa kitambaa, akamrudisha, akamzungusha. Tisini na nne. Akapiga magoti kama alivyomwona mumewe akifanya, akafumba jicho moja. Tisini na nne.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu mama alikuwa ameumwa mara nyingi. Akakaa chini kwenye sakafu ya stoo na glasi mkononi. Alijaribu kujisemesha. Pengine ni joto, maana joto na baridi humchezea Askari. Lakini mitungi yote imelala chumba kimoja. Halafu akakumbuka kitu, na matumaini yakamrukia. Juzi binti alionja tone kutoka mtungi huo huo akakunja uso, akasema mkali, na baba yake akamwambia asijali, atautengeneza. Mzee ametia sukari. Vijiko viwili vya sukari vingetosha kabisa kumnyanyua Askari kiasi kile. Ni sukari. Mungu wangu, iwe sukari.

Sukari na maji vyote viwili humnyanyua Askari, kwa hiyo namba moja peke yake haisemi ni kipi kimeingia. Lakini iko njia ya kuvitenganisha, na Bibi Pini aliijua tangu zile zama za vita. Unajaza glasi mpaka kwenye alama, unapima. Unaumimina mvinyo huo kwenye sufuria, unauchemsha polepole hadi ubaki nusu. Pombe yote inapanda na mvuke, sukari haiendi popote. Unauacha upoe, unaurudisha kwenye glasi, unaongeza maji safi hadi alama ile ile, unapima tena. Kadiri Askari alivyopanda, ndivyo pombe ilivyokuwamo. Mvinyo wa asilimia kumi na mbili unampandisha kama alama kumi na sita. Kwa hiyo kutoka mia tisa tisini na nne, akifika elfu moja na kumi, pombe ipo yote na mtu katia sukari. Akikomea elfu moja na sita, pombe ni asilimia tisa tu, na robo ya mtungi ni maji ya bomba.

Alama nne. Ndizo zilizokuwa kati yake na mumewe asubuhi ile.

Alichemsha. Jikoni kukajaa harufu ya mananasi yaliyoiva mno, akafungua dirisha. Ukipima mvinyo ukiwa wa moto utadanganyika, kwa hiyo ilibidi angoje sufuria ipoe, na kungoja huko ndiko kulikomuumiza kuliko yote. Aliwaza binti akiingia ukumbini peke yake. Aliwaza mzee amekaa nyumbani na suti yake mpya, ile aliyomshonea mwenyewe, brashi imetolewa mfukoni kwa mara ya kwanza. Aliwaza kwamba hakuna aliyemtuma kupima, na kwamba anaweza kumwaga kila kitu sasa hivi akarudi kwenye cherehani yake. Angemfichia mara moja nyingine, ya mwisho. Kisha akakumbuka mtoto akisema niahidi.

Akarudisha mvinyo kwenye glasi, akaongeza maji, akamtumbukiza Askari. Askari alipanda, akashuka, akapanda, akasimama. Elfu moja na sita.

Bibi Pini alilia. Alilia kwa sauti, pale pale kwenye sinki, akiwa na hasira na mume, na kipimo, na mananasi, na zaidi ya vyote akijikasirikia yeye aliyethubutu kufurahi.

Mzee Brashi alirudi mchana kula, masikio yana matone ya rangi nyeupe. Mkewe hakumpokea mlangoni. Alimkuta jikoni, Askari bado amesimama kwenye glasi mezani, sufuria kando yake. Mzee alitazama sufuria, akatazama Askari. Hakuwa na haja ya kuulizwa anaelewa nini. Akavuta kiti, akakaa mbali kidogo.

"Ni robo," Bibi Pini alisema.

"Ni robo," alikubali.

"Umekunywa."

"Nimemwaga."

Mama wa watu alitaka kumcheka usoni, lakini kicheko hakikutoka. Alingoja kiapo. Alingoja kaburi la mama mkwe lifukuliwe kama kawaida. Mzee hakuapa. Alizungumza polepole akitazama mikono yake, na maneno yalikuwa mazito kwake kuliko ngazi yoyote aliyowahi kubeba.

Alisema hamu ilianza siku mvinyo ulipotulia, ulipokoma kutoa mapovu. Ukichemka hana shida nao, ni kazi. Ukinyamaza ndio unamwita. Alikuwa juu ya ngazi kwenye nyumba ya mtoto, anapaka dari, na hakuona dari, aliona mtungi mdogo karibu na mlango. Siku nzima. Akirudi anapita stoo kuvua viatu, nao uko pale. Basi siku ya kwanza alichota kikombe. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amekishika kwa mikono miwili, akakinusa, akakaa nacho mpaka mikono ikaacha kutetemeka. Kisha akakimwaga sinki. Na akishakimwaga, hamu ilikuwa imeisha, kama mtu aliyemaliza deni la siku. Kesho yake ikarudi, akafanya tena. Amefanya hivyo mara kadhaa.

"Na maji? Mbona ukajazia maji?"

"Si ulisema mvinyo hautaki hewa shingoni?"

Kicheko kilimponyoka Bibi Pini katikati ya machozi, akakizuia kwa kiganja. Mzee naye akatabasamu kidogo, tabasamu likamfia.

"Na niliogopa," aliongeza. "Huyo hapo mezani. Nilimwogopa yeye."

"Kwa nini hukuniita?" Mkewe alisimama, sauti imepanda. "Nilikuwa chumba cha pili. Cherehani iko chumba cha pili. Kwa nini hukuniita?"

"Ningekuita, ungekuja na kipimo."

Hakuisema kwa ukali. Aliisema kama mtu anayetaja mlango uko upande gani. Lakini ilimwingia Bibi Pini mpaka kwenye mfupa, kwa sababu ilikuwa kweli. Angekuja na kipimo. Angemnusa, angepima mtungi, angepima macho yake, na yeye mwenyewe angebaki amekaa juu ya ndoo na hamu yake.

Sasa nikuulize wewe unayesoma, ungefanyaje? Askari anaweza kusema mvinyo umetoka mtungini. Anaweza kusema ni robo, wala hakosei. Hawezi kusema ulikwenda kooni au ulikwenda sinki. Hata uchemshe mitungi yote minne, hilo halipandi na mvuke wala halibaki chini ya sufuria. Mwanamke yule alikuwa amemwamini mtu huyu mara nyingi akaumia mara nyingi, na kila aliyewahi kumpa ushauri angemwambia mlevi ni mlevi. Alimtazama mumewe aliyekaa mbali naye, makusudi, ili asije akadhaniwa anajipendekeza. Wala hakuwa anaomba chochote.

"Nimechoka kukupima, mume wangu," alisema. "Nimechoka. Nakupenda na nimechoka."

"Mwambie mtoto," mzee alisema. "Ulimwahidi."

Ikawa zamu ya Bibi Pini kushangaa. Mzee akamwambia kwamba kuta za nyumba hii ni za mbao, na yeye kiziwi hajawa. Kisha akatoa simu mfukoni, akapiga yeye. Alimweleza binti yake yote, kuanzia dari hadi ndoo, bila kupamba na bila kujitetea. Halafu akampa mkewe simu.

"Mama," sauti ilikuwa ya kikazi, ile wauguzi wanayoitumia wakiogopa. "Kipimo kinasema nini?"

"Kinasema mvinyo umetoka mtungini. Haukurudi."

"Na wewe unasema nini?"

Bibi Pini alimtazama mzee, matone ya rangi masikioni, mikono imelala juu ya magoti.

"Nasema alimwaga."

"Una uhakika, mama?"

"Uhakika sina, mwanangu. Namwamini. Nakwambia kama nilivyokuahidi, sijakuficha kitu. Kipimo ni hicho, na mimi ni huyu. Amua mwenyewe."

Binti alilia kidogo, akapenga kamasi, akauliza suti ya baba imekamilika au bado. Bibi Pini akasema bado vifungo. Binti akasema basi vishonwe, kwa sababu baba yake atasimama kando yake, na mvinyo atamimina yeye.

Walipobaki wawili, Bibi Pini alimtoa Askari kwenye glasi, akamkausha, akamweka dirishani. Alikwenda kusimama mbele ya mumewe aliyekaa, akamshika kichwa chake chenye mvi na rangi, akakiegemeza tumboni mwake. Alimwambia kwamba hamu ikija tena amwite. Hata akiwa na mteja, hata kukiwa na wageni ishirini barazani. Atakuja mikono mitupu. Mzee aliitikia kwa kichwa, na kitambaa cha nguo ya mkewe kikalowana.

Kusema ni rahisi. Siku mbili zilipita, mzee akaenda kazini na kurudi, na mara mbili mkewe alijikuta mlangoni mkono ukielekea kwenye kola. Mara zote mbili aliurudisha, akampokea koti, akamwambia chakula kiko tayari.

Siku iliyofuata, alasiri, alikuwa chini ya gauni la bibi harusi lililovikwa kwenye sanamu ya kushonea, anapinda pindo, pini zimejaa mdomoni. Nyumba ilikuwa kimya. Akasikia kutoka stoo sauti ya mumewe, si kubwa, sauti ya mtu anayeona aibu kuita.

"Mke wangu."

Alizitema pini kiganjani, zikamchoma, akaziacha zianguke. Akaliacha gauni vilevile, upande mmoja juu na upande mmoja chini, akaenda.

Mzee Brashi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kikombe kilikuwa mikononi mwake, kimejaa mpaka ukingoni, na uso wa mvinyo ulikuwa unatikisika.

"Imekuja," alisema.

Bibi Pini hakuangalia kikombe. Alikaa chini sakafuni kando yake, akajipanga vizuri, akaegemeza bega lake kwenye goti la mumewe. Nje mtu alikuwa anasukuma toroli, gurudumu linalia. Walilisikiliza mpaka likapita kona.

"Imepita?" aliuliza.

"Bado."

"Basi tukae," alisema, na wakakaa.